Nyika Ikizidi Kijani, Tujihadhari

Mvua kubwa ikinyesha nyikani, wafugaji hufurahia malisho. Lakini maji yakituama, huanguliwa pia mayai ya mbu yaliyolala udongoni, na baadhi yana virusi vya Homa ya Bonde la Ufa. Mtu huambukizwa akigusa damu ya mnyama mgonjwa au akiumwa na mbu.

Je, hatari hutambuliwaje mapema? Majani mabichi hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Setilaiti hupima tofauti hiyo. Vipimo vikilinganishwa na vya miaka iliyopita, nyika iliyozidi kijani hujulikana. Kwa njia hii wataalamu wa Marekani walitoa tahadhari mwaka 2006. Desemba ugonjwa ukathibitishwa Garissa, Kenya, na mwaka 2007 ukafika Tanzania.

Tufanye nini?
1. Mifugo wengi wakitupa mimba, mwarifu bwana mifugo.
2. Usishike mimba hizo kwa mikono mitupu.
3. Usichinje mnyama mgonjwa.
4. Chemsha maziwa.
5. Lala ndani ya chandarua.

Setilaiti huona majani tu. Ng'ombe mgonjwa zizini utamwona wewe.