SOMO: KINA CHA TUNDU

Fundi anaweza kutoboa chuma kwa mashine nzuri na bado kazi ikaharibika. Sababu kubwa ni kukisia kina cha tundu kwa macho. Leo tujifunze kupima kina kwenye drili ya kusimama.

Biti ni chuma chenye makali kinachotoboa. Biti hufungwa kwenye mhimili, nao mhimili huizungusha. Ukivuta mkono wa mashine, mhimili hushuka. Drili nyingi za kusimama zina fimbo yenye hesi pembeni, na nati mbili juu yake. Fimbo hushuka pamoja na mhimili. Nati ikigota kwenye kizuizi, biti haishuki tena.

Tuchukue mfano. Una chuma chenye unene wa milimita 30. Unataka pini ya unene wa milimita 10 iingie ndani milimita 20. Tundu lisitokeze upande wa pili.

Tazama ncha ya biti. Imechongoka. Kwa biti ya kawaida, ncha hiyo ina urefu wa karibu sehemu 3 katika 10 za unene wa biti. Basi biti ya milimita 10 ina ncha ya milimita 3. Hesabu ni hii:

20 + 3 = 23
30 – 23 = 7

Biti ishuke milimita 23. Chini zitabaki milimita 7. Ukisahau ncha, pini itagota mapema na kubaki nje milimita 3. Ukiigonga kwa nyundo itapinda. Ukizidisha sana, tundu litatokeza na pini itadondoka.

Fuata hatua hizi:

1. Zima mashine. Funga chuma kwenye jiliwa. Usikishike kwa mkono, maana biti ikikwama itakizungusha na kukukata.
2. Shusha biti mpaka ncha iguse chuma. Mwenzako aushike mkono wa mashine usirudi juu.
3. Pima milimita 23 kati ya kizuizi na nati ya kwanza.
4. Kaza nati ya pili juu ya ile ya kwanza. Nati moja peke yake hulegea kwa mtikisiko.
5. Toboa kwanza kipande kibovu chenye unene uleule. Kiguse kwa ncha upya kama juu yake si sawa na kazi yako. Kisha ingiza pini upime.

Wakati wa kutoboa, inua biti mara kwa mara ili uchafu wa chuma utoke. Uondoe kwa brashi, mashine ikiwa imezimwa. Vaa miwani ya kazi. Usivae glovu. Kunja mikono ya shati, na mama afunge vizuri ncha za kanga. Mhimili ukinasa nguo, huvuta na mtu.

Mashine nyingi za kuchonga chuma zenye mhimili wa kusimama nazo zina nati ya kuzuia kina. Ukiielewa hii, ile haitakushinda.

Kumbuka: biti ikibadilishwa au ikinolewa, pima upya.

MASWALI
1. Kwa nini tunatumia nati mbili?
2. Biti ina unene wa milimita 20. Ncha yake ni milimita ngapi?
3. Pini ya unene huo iingie milimita 25. Biti ishuke milimita ngapi?