Kugeuka Njiani Si Aibu, Mdogo Wangu

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Lom, kule Norwei, barua yako nimeisoma, nikaiweka pembeni, nikairudia. Leo naanza na wewe. Ila wengine mliotoka Moshi, Arusha, Sagana au Jinja mkaenda kuongoza wageni kwenye milima na mito ya watu, najua mtajiona humuhumu, kwa hiyo sogeeni wote.

Unasema umewapandisha wageni Kilimanjaro mpaka miguu yako inaijua njia ya Marangu gizani. Umesimama Uhuru, mita 5,895, umemshika mkono mzee wa watu analia kwa furaha. Halafu umefika huko ukakutana na Galdhøpiggen, mlima mrefu kuliko yote nchini mwao, mita 2,469, haufiki hata nusu ya wa kwetu, na bosi anakwambia bado huruhusiwi kupeleka wageni peke yako. Anayekufundisha ni binti uliyemzidi umri, katangulia na kamba, wewe uko nyuma. Imekuuma. Lazima iume. Mtu aliyeheshimiwa kwao akilazimika kuanza moja ugenini, huona amevunjiwa heshima mbele za watu, na usiku hulala akihesabu maneno aliyoambiwa.

Sasa nisikilize. Yule binti hakukudharau. Kilimanjaro huua kwa urefu wake: hewa nyepesi, kichwa kupasuka, mapafu kujaa maji. Hayo unayajua, unayaona usoni mwa mgeni kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Njia ya Galdhøpiggen inayoanzia Juvasshytta, mita 1,841, haina habari na mapafu yako. Inakatiza barafu inayotembea, ile wanayoiita Styggebrean, na barafu hiyo ina nyufa. Theluji huzifunika juu, ukaona uwanja mweupe uliotulia, kumbe chini yake ni shimo linalommeza mtu mzima. Ndiyo maana watu hufungwa pamoja kwenye kamba moja. Macho yako hayajazoea kuusoma uso ule, na hakuna mita za Kilimanjaro zitakazokusomea. Mfuate binti wa watu. Muulize kila jambo, hata lile unaloona la kitoto. Ujuzi wako wa kumtuliza mgeni mwenye hofu haujapotea, na siku ikifika wao ndio watakaokuja kuuliza kwako.

Kuna sentensi moja umeichomeka mwishoni, kana kwamba haina uzito. Umesema siku ile ya mvua ulitetemeka mpaka ukashindwa kufunga fundo, ukamwambia mwenzako glovu ndizo zilizoteleza. Mdogo wangu! Hapo ndipo nilipokasirika, na nakasirika kwa sababu nakupenda. Fundo lile lilikuwa la nani? La mgeni. Umedanganya juu ya vidole vilivyoshika uhai wa mtu.

Wewe unazijua dalili. Kutetemeka ni mwili unajipigania. Cha kuogopa ni aliyelowa anapoacha kutetemeka, akaanza kuvuta maneno na kujikwaa kwenye tambarare. Ungeliona hilo kwa mgeni ungemrudisha mara moja. Lakini mwongozaji naye nani atamwangalia, kama mwenyewe anajificha? Mficha maradhi kifo humuumbua, na baridi ya huko ni maradhi kamili, haihitaji theluji. Mvua na upepo wa Julai vinatosha.

Basi vua hizo fulana za pamba na hiyo jinzi. Pamba ikilowa inakaa na maji mwilini na kukunyonya joto. Sufu hata ikilowa bado inakupasha, ndiyo maana Wanorwei huvaa sufu ndani kuanzia mtoto mchanga. Vifaa vya usalama ni jukumu la mwajiri wako kwa sheria ya huko. Dai bila kuona haya. Nguo za ndani jinunulie, na uzinunue kabla hujatuma shilingi nyumbani. Maduka ya mitumba yapo, hata Jeshi la Wokovu wanayo, na sufu ya mtumba inapasha sawasawa na mpya. Najua ada ya mdogo wako inakusubiri. Lakini hiyo ada inalipwa na mwili huohuo unaougandisha.

Hao wenyeji wako nao walijifunza kwa machungu. Pasaka ya mwaka 1967 walikufa watu 18 milimani kwao. Baada ya hapo Chama cha Utalii cha Norwei, kilichoanzishwa 1868, pamoja na Msalaba Mwekundu, wakazisambaza kanuni za mlimani nchi nzima. Ziko 9, na moja yao inasema geuka mapema, hakuna aibu katika kugeuka. Watoto wao hukua nayo. Ukimwona bosi wako anaitazama mbingu, anakunja midomo, anawaambia watu waliosafiri kutoka mbali kwamba leo hatuendi, usimwone mwoga. Kalelewa hivyo.

Nataka hapa tukae kidogo, maana naona ndipo mnapoangukia wengi. Kwetu mgeni amelipa pesa nyingi afike kileleni. Bakshishi iko kule juu, na nyuma yako kuna wapagazi na mpishi wanaoitegemea. Mwongozaji mzuri humteremsha mgeni aliyezidiwa hata hivyo, na wewe umewahi kufanya hivyo, umeniambia. Lakini unajua jinsi moyo unavyovutwa. Huko uliko, wageni wanabeba mizigo yao wenyewe, bakshishi ni ya bahati, na mshahara wako ni uleule mfike msifike. Kile kilichokuwa kinakusukuma nyumbani hakipo. Kilichobaki cha kukusukuma ni kiburi tu, mdogo wangu, kutaka kuwaonyesha. Na ukiona siku hiyo hujiwezi, umelala saa mbili, homa inakunyemelea, sema asubuhi kabla kamba hazijafungwa. Mwenye busara anayesema mapema hupangiwa kazi nyingine. Anayesemea juu ya barafu amewaweka watu wanane hatarini.

Hilo la kutolala nalo nimelisikia. Lom jua linazama, ila Juni giza halifiki kuwa giza. Wenzako walioko Tromsø, kaskazini zaidi, hawaoni jua likitua kabisa kuanzia kama tarehe 20 Mei hadi 22 Julai. Mwili haujui saa ngapi. Ziba dirisha kwa kitambaa kizito, hata blanketi, na simu iache nje ya kitanda. Ukijiambia utalala ukisikia usingizi, utajikuta saa tisa usiku unatazama video za harusi za Moshi na machozi yanakutoka. Na mtakaobaki mpaka majira ya giza, jiandaeni kwa kinyume chake: Tromsø jua halichomozi tangu mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari. Ngozi yetu inahitaji jua jingi kuliko la kwao ili kutengeneza vitamini D. Wao wenyewe hunywa mafuta ya samaki kwa kijiko. Nenda kwa daktari, uliza, pimwa.

Mnalalamika kwamba watu wa huko hawasalimii. Kwenye basi mtu anaona afadhali asimame kuliko kukaa karibu nawe. Nimelisikia hili mara nyingi, na linaumiza kwa sababu kwetu kutosalimiwa ni kutengwa. Ila mmesahau jambo moja nanyi ndio mnaolijua: mkikutana nao njiani mlimani, wanawasalimia. Mtu yuleyule aliyenyamaza kwenye basi, huko juu anasimama, anauliza hali ya njia, anatoa chokoleti. Mlima ndio baraza yao. Kwa hiyo siku yako ya mapumziko usijifungie. Nenda na vikundi vya matembezi vya wenyeji ukiwa mtembezi, si mwongozaji. Na ukisikia kitongoji kinaitana kusafisha njia au kupaka rangi nyumba ya watoto, wanaita dugnad, beba koleo uende. Wewe wa Kilimanjaro umekulia kwenye msaragambo, hakuna wa kukufundisha. Mtu aliyeshika nawe koleo asubuhi nzima atakuita kahawa.

Kiswahili nacho kipo. Norwei imepokea Wakongo wengi waliokimbia vita, na wengi wao wanazungumza Kiswahili, wanasali kwa Kiswahili. Lafudhi itakuchekesha kidogo, na kucheka ndiko unakokuhitaji. Ukipita Oslo, nenda mtaa wa Grønland, unga wa ugali utaupata.

Sasa nije kwako, binti wa Sagana, unayeendesha boti za mpira mtoni. Wewe umeniuliza kama ni vibaya kupendana na mkuu wa kambi. Kupenda si kosa, mdogo wangu, na sikugombezi kwa hilo. Lakini angalia: chumba unacholala ni chake, zamu anapanga yeye, barua ya kukutambulisha kwa mwajiri wa msimu ujao ataiandika yeye. Siku mkikosana, na watu hukosana, utakosa mpenzi, kazi na paa jioni moja. Kama anakupenda kweli, atangoja uhamie chumba usichokipata kwake. Na zile jioni za vijana wa mtoni, chupa baada ya chupa mpaka usiku wa manane, halafu asubuhi maji ya theluji iliyoyeyuka… hapana. Kunywa soda, cheka nao, ondoka mapema. Watakuzoea.

Limebaki la pesa, na hapa ndipo uongo ulipojaa zaidi. Wa Lom, umewaambia nyumbani kila kitu shwari. Umetuma picha umekaa kwenye mwamba wa Preikestolen, miguu inaning'inia, mita 604 chini ni maji ya Lysefjorden. Mjomba ameiona, ametangaza kijijini kwamba umetoboa. Sasa kila wiki simu: bati, mchango wa harusi, jenereta. Nawe unasema sawa, sawa, halafu unakula mkate mkavu mara tatu kwa siku. Halafu unashangaa unawakasirikia watu wa kwenu wakati hawajui lolote. Watajuaje? Hujawaambia.

Zipange hesabu zako kwanza. Mkataba wako uwe wa maandishi. Sheria yao inataka hivyo kwa kila mfanyakazi. Fuatilia kadi ya kodi, maana asiye nayo hukatwa asilimia 50 ya mshahara, wakati wageni wengi wa mwaka wa kwanza hukatwa 25. Kuna pia pesa ya likizo, isiyopungua asilimia 10.2 ya ulichokipata, ambayo mwajiri hukuwekea na kukulipa baadaye. Hiyo ni haki yako, na vijana huondoka bila kuiuliza. Saa zikiongezwa bila malipo, iko mamlaka ya ukaguzi wa kazi, Arbeidstilsynet. Kuuliza kwao si kumshitaki mtu. Na kibali chako ukisome mwenyewe, usisomewe na rafiki. Cha kazi ya msimu hakizidi miezi 6 ndani ya miezi 12. Kikiisha, rudi nyumbani ukiwa na jina safi, uombe tena. Kuna watakaokushauri ubaki kimyakimya. Hao hawatakuwepo siku utakapoumia mlimani ukaogopa kwenda hospitali.

Halafu mpigie mama. Shikamoo kwanza, kisha mweleze ukweli wote, wa baridi na wa mshahara. Atanyamaza kidogo. Pengine atalia. Lakini mama aliyekulea wewe hakulelewa kwenye mayai. Akishajua, atakuwa ngao yako kwa hao wenye mabati na jenereta. Mpangie kiasi kimoja kila mwezi, kidogo kisichokosa, na kingine kiweke kwa jina lako.

Na yule binamu yako uliyesema anauza pikipiki yake ili akufuate, kwa sababu ya ile picha ya Preikestolen: mtumie leo hati yako ya mshahara, ukurasa wa makato pamoja na wa kodi ya chumba. Mwambie umelala saa ngapi jana na nani anakufundisha kutembea. Mwambie pia yaliyo mazuri, maana yapo, heshima ya muda, usalama wa kazi, wenyeji wanaosimama njiani kukusalimia. Akishayajua yote, na bado akataka kuja, aiuze hiyo pikipiki.