SOMO LA LEO: Tuchague ndoano namna gani?

Wanakoperative wa Kasongo na Kabambare, wengi wenu mnalima, lakini jioni mnashuka mtoni, Lualaba ama Luama, kutafuta kitoweo na feza ya shule. Ndoano mbaya inakula ile feza: unainunua, kisha samaki anaenda nayo.

1. Namba. Namba ikipanda, ndoano inakuwa ndogo: namba 14 ni ndogo kuliko namba 6. Tilapia iko na mdomo mdogo, namba 10 ama 8 inatosha. Kambale iko na mdomo mpana, mtafutie namba 4 ama 2. Ndoano ndogo sana inashika samaki ambao hawajazaa hata mara moja. Kuwamaliza hao ni sawa na kula mihindi ya mbegu.

2. Kujaribu. Nunua moja kwanza. Gusisha ncha kwenye ukucha: ikiteleza ni butu, ikikwama ni kali. Kisha ikwamishe kwenye mti, uvute kwa nguvu. Ikinyooka ama ikivunjika, usinunue zingine za aina ile.

3. Uzi. Nailoni yenye mikwaruzo, kata kipande kile. Mahali mbenga iko, weka waya mwembamba kati ya uzi na ndoano, kwa sababu meno yake yanakata nailoni. Kufunga: pitisha uzi kwenye tundu la ndoano, uzungushe juu ya uzi wenyewe mara tano, rudisha ncha kwenye kitanzi kilicho karibu na tundu. Lowanisha kwa mate, kaza pole pole. Nailoni ikikazwa kavu inapata moto na kudhoofika.

4. Uzito. Kambale anatafuta chakula chini, basi chambo kifike chini. Funga uzito shibiri moja juu ya ndoano. Tafadhali, msiyeyushe madini ya risasi ya betri za zamani! Moshi na vumbi lake ni sumu, inaharibu akili ya mtoto, na huioni kwa macho. Tumia nati kuukuu ya pikipiki ama jiwe lenye kiuno.

5. Chambo. Mnyoo na utumbo wa kuku vinakaa vizuri. Donge la ugali wa muhogo linaachia haraka majini: lizungushie uzi wa kushonea mara tatu, nne, ukiacha ncha ya ndoano nje.

Mkirudi nyumbani, futeni ndoano, zikauke, mzipake mawese kidogo. Kutu haitaingia upesi.

Kwa kikao kijacho, kila mmoja alete ndoano anazotumia. Tuzipange kwa namba, kisha koperative ikubaliane: ndogo kuliko hii hatutumii tena. Mtu mmoja akiacha ndoano ndogo na jirani akiendelea nayo, mto haupati faida. Na mkishakubaliana namba moja, mnaweza kununua sanduku zima pamoja, bei ikashuka.