Saa Uliyookoa Imekwenda kwa Nani?

Mdogo wangu, sogea hapa. Leo sitaki kusikia "dada niko bize", kwa sababu huo ubize wenyewe ndio tutakaouzungumza.

Mwezi huu mmeniandikia wengi juu ya hii akili mnemba iliyoingia kwenye simu zenu, na mmoja wenu amenigusa zaidi. Ni binti wa Buyenzi, anafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Bujumbura. Anasema zamani barua moja ya Kifaransa kwa mteja ilikuwa ikimla saa nzima. Sasa anatoa maelezo kwa Kiswahili, mashine inamwandikia Kifaransa kilichonyooka, anaituma. Orodha za mizigo nazo, hivyo hivyo. Kisha anamalizia kwa maneno yaliyonifanya niweke kikombe chini: "Dada, kazi imekuwa rahisi lakini mimi nimechoka kuliko mwaka jana. Nina kasoro gani?"

Huna kasoro, mdogo wangu. Umeibiwa tu. Aliyekuibia pengine hata hajui kama ameiba, na mlango ulimfungulia wewe mwenyewe. Lakini tusikimbie, tutafika huko.

Kwanza tuelewane hiki kitu kinafanya nini kwenye njia inayotulisha. Sisi wa Burundi hatuna bahari. Mzigo wetu ukishuka Dar es Salaam una zaidi ya kilomita 1,500 za barabara mbele yake: upite mizani ya Vigwaza, Dodoma, Singida, Nyakanazi, uingie Kobero, ndipo uteremke milima mpaka kwetu. Au upande treni hadi Kigoma, kwenye reli iliyofika ziwani mwaka 1914, kisha uvuke Ziwa Tanganyika kwa meli. Mwingine unatoka Zambia kupitia bandari ya Mpulungu. Na njia hii haijaanza leo kugombewa. Mwaka 1921 Waingereza waliwapa Wabelgiji viwanja Dar es Salaam na Kigoma vya kupitishia mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Faranga moja! Na wewe mwenye kibanda sokoni Ruvumera, kila mwisho wa mwezi unajikuna kichwa.

Kwenye njia ndefu namna hiyo, anayejua mapema ndiye anayepata. Ndiyo maana kampuni kubwa za meli na maduka makubwa ya ughaibuni zimeikumbatia akili mnemba. Inasoma mauzo ya miaka iliyopita na kukisia mwezi ujao kitatakiwa nini na wapi. Kamera kwenye lango la bandari inasoma namba ya kontena bila karani kushika kalamu. Kufuli la kielektroniki linasema lori limesimama wapi na kama kuna mtu amelichokonoa. Amazon ilitangaza Julai 2025 kwamba imefikisha roboti milioni moja kwenye maghala yake. Huku kwetu haikuja na sura hiyo ya kutisha. Imeingia kimyakimya kupitia simu ya karani, na patroni wengi hawajui hata kama imeingia.

Shida ni kwamba baadhi yenu mmeigeuza mganga wa ramli. Unaiuliza, "Mzigo wangu utafika lini?" Nayo inakujibu, "Siku sita," bila kupepesa. Itajuaje? Inasoma yaliyoandikwa, na mambo mengi ya njia hii hayajawahi kuandikwa na mtu. Haijui kwamba dereva amelala siku mbili akisubiri mazutu. Mwaka 2024 na 2025 sisi wenyewe tulipanga foleni za esansi mpaka magari yakalala barabarani, na abiria wakatembea kwa miguu kurudi Kamenge. Ziwa nalo lilipopanda mwaka 2024, maji yakaingia majumbani Gatumba. Nani aliiambia mashine?

Anayejua ni dereva anayekutumia ujumbe wa sauti saa nne usiku, injini za malori zikinguruma nyuma yake: "Dada, niko Kobero, foleni ni ndefu, usimwahidi mteja Jumanne." Sauti hiyo ni mali, na wewe unaisikiliza mara moja unaifuta ili simu isijae! Nunua daftari, mdogo wangu. Andika lori liliondoka Dar tarehe ngapi, lilifika mpakani tarehe ngapi, lilivuka lini, na kilicholichelewesha ni nini: mizani, karatasi, mvua, mafuta. Ukifanya hivyo miezi sita utakuwa na kitu ambacho hakuna mashine ya California iliyonacho. Hapo ukiipa ikuchambulie, itakuwa inachambua ukweli. Na reli ya Uvinza hadi Musongati, ambayo ujenzi wake upande wetu ulizinduliwa Agosti 2025, ikikamilika, hesabu zote za siku zitabadilika. Atakayekuwa na daftari ndiye atakayeulizwa.

Sasa niruhusu nikunje uso kidogo.

Kuna mmoja wenu ameniandikia kwa furaha kwamba siku hizi hafungui tena kitabu cha ushuru, anaiuliza simu. Nilisoma nikashika kichwa. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaipa kila bidhaa namba ya tarakimu nane, na namba hizo hazina huruma. Nguo ya kufuma iko sura ya 61. Nguo isiyo ya kufuma iko sura ya 62. Mtumba una pake, 6309. Wewe unaiandikia mashine "nguo", basi, umemaliza. Itakupa tarakimu nane zilizopangika vizuri kama zimetoka kitabuni, na huenda si za mzigo huo kabisa. Haioni haya. Ni mara chache itakwambia "hapa sina hakika, kamwulize mkubwa wako". Tangu Julai 2022 ngazi ya juu ya ushuru huo ni asilimia 35, kwa hiyo kukosea sura kunaweza kumfanya mteja alipe asichodaiwa, au kukufanya wewe uitwe OBR, kwa watu wa mapato, ukajieleze.

Na utakayeitwa ni wewe, maana jina lililo chini ya karatasi ni lako. Hakuna aliyewahi kuiona mashine imesimama mbele ya ofisa wa forodha ikitokwa jasho. Wazee waliosema akili za kuambiwa changanya na zako hawakuijua kompyuta, lakini walikujua wewe. Iache ikuandalie, sikukatazi. Kisha fungua kitabu, soma maelezo ya sura, muulize aliyekutangulia kazini, ndipo uweke saini. Na ankara za wateja usizibandike ovyo kwenye programu za bure. Bei anayonunulia mfanyabiashara ni siri ya tumbo lake, na wewe hujui ukishaituma huko inakwenda kulala kwa nani.

Wengine hofu yenu ni kufukuzwa. Sitakudanganya ili ulale vizuri leo uamke vibaya kesho. Agosti 2023 Shirika la Kazi Duniani lilichapisha uchunguzi uliosema kazi za ukarani ndizo zinazoguswa zaidi na teknolojia hii, na kwa kuwa ukarani kwa sehemu kubwa umeshikwa na wanawake, sisi wanawake tutaguswa kuliko kaka zetu. Lakini uchunguzi huo huo ulisema kazi nyingi zitageuka sura kuliko zitakavyofutika. Kwa hiyo ogopa kwa kiasi, na hofu hiyo ikupeleke kusoma, isikupeleke kulia chini ya shuka. Wala usiamini kwamba akili mnemba ni mashine tupu. Januari 2023 jarida la Time lilieleza jinsi vijana wa Nairobi walivyolipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma uchafu wa mtandaoni, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, ili ChatGPT ifundishwe adabu. Wapo waliosema kazi ile iliwaachia jeraha moyoni. Jasho la ndugu zako limo humo ndani.

Sasa turudi kwa binti yetu wa Buyenzi.

Barua iliyokuwa ikimla saa nzima, tuseme sasa inakula dakika kumi. Dakika hamsini ziko wapi? Nikwambie ziko wapi. Patroni alipoona majibu yanarudi haraka hakusema "pumzika, mwanangu". Alileta mteja mwingine, kisha mwingine. Mteja naye, aliyekuwa amezoea kungoja hadi kesho, leo akikosa jibu kwa nusu saa anapiga simu kwa ukali. Na kwa kuwa mashine iko mfukoni, kazi nayo imehamia mfukoni. Inakufuata saa tatu usiku ukiwa jikoni. Inakufuata kwenye swala ya Ijumaa na kwenye misa ya Jumapili. Hata Jumamosi asubuhi mko kwenye kazi za jamii, jembe mkononi, ujumbe unaingia: "Tuandikie kidogo tu, si unayo ile programu?" Hiyo "kidogo tu" ndiyo inayokumaliza, na unasema ndiyo kwa sababu unaona aibu kukataa kitu ambacho kila mtu anajua kinakuchukua dakika kumi.

Na usijifanye malaika pia. Dakika nyingine zimeliwa na TikTok, ninajua, nina wadogo zangu nyumbani.

Mwaka 1930 mchumi wa Uingereza, John Maynard Keynes, aliandika kwamba wajukuu wa kizazi chake watafanya kazi saa 15 tu kwa wiki, maana mashine zitakuwa zimewatosheleza. Wajukuu hao ndio sisi. Cheka kwanza, kisha tuendelee. Alisahau kwamba mashine peke yake haijawahi kumpa mtu mapumziko. Iceland, kati ya 2015 na 2019, ilijaribu kupunguza saa za wafanyakazi wapatao 2,500 bila kugusa mishahara yao. Uingereza mwaka 2022 kampuni 61 zikajaribu wiki ya siku nne. Kwenye Falme za Kiarabu, tangu Januari 2022, watumishi wa serikali kuu Ijumaa hutoka mchana. Muulize ndugu yako aliyeko Dubai. Ufaransa, tangu Januari 2017, sheria inazitaka kampuni zenye wafanyakazi kuanzia 50 zijadiliane nao juu ya haki ya kuzima simu ya kazi. Kote huko kuna watu waliokaa kitako wakaamua saa ziende kwa nani. Hakuna programu iliyoamka asubuhi ikawaambia watu waende nyumbani.

Najua unachowaza. "Dada, Buja hii ukimwambia patroni hivyo, kesho kiti chako kina mtu mwingine." Sikwambii ukamvimbie. Kazi ni adimu, mfuko wa mchele unaujua bei yake, na wewe una wadogo wanaokutazama. Lakini kunyamaza nako kuna bei: unaanza kukosea tarehe, unamjibu mteja vibaya, unamgombeza mtoto asiye na kosa, kichwa kinauma kila Jumatano. Siku moja unaweka saini kwenye namba ambayo hukuisoma. Hapo kiti utakipoteza kweli, tena kwa aibu.

Patroni wa Buja anaelewa hesabu kuliko malalamiko, basi mpelekee hesabu. Kwa wiki mbili andika kazi ulizofanya kwa siku, za ofisini upande mmoja, zilizokufuata nyumbani upande mwingine. Kisha omba jambo moja, si matano. Mwambie, "Patroni, baada ya saa kumi na mbili jioni nitajibu simu za lori lililokwama mpakani tu, mengine asubuhi." Au omba saa moja ya Alhamisi ya kujifunza kitabu cha ushuru, kwa faida ya ofisi yake. Au omba kazi za Jumapili zihesabiwe kwenye mshahara. Sema kwa adabu, ukiwa umekaa, asubuhi kabla wateja hawajafika. Na kama mko wawili au watatu ofisini, ombeni pamoja. Mmoja akiomba peke yake, anaonekana mvivu.

Na wewe mwenye ofisi, ambaye najua unanisoma huku ukijifanya gazeti si lako, kumbuka karani wako ndiye anayejua dereva gani hudanganya na mteja gani hulipa. Mashine unaweza kuipata bure, yeye huwezi. Mwache alale mapema.

Binti wa Buyenzi, wewe anza na daftari wiki hii. Ukishaongea na patroni wako, niandikie alijibu nini, hata kama alikugombeza. Hasa kama alikugombeza.