Dimbwi, Lambo au Kinamasi? Somo kwa Mwenda Pekee

Leo tujifunze maneno matatu ya maji, kwa maana huku Hulugho neno moja laweza kumwokoa mtu au kumpoteza.

Ardhi yetu ni tambarare. Hakuna kilima cha kupanda ukatazame ulikotoka. Mvua za vuli, ambazo Wasomali huziita Deyr, hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Udongo mweusi hulowa na kunata viatuni, na njia ya jana haionekani tena. Hapo ukienda peke yako, si mchezo!

Basi tutofautishe:

1. Dimbwi (madimbwi) ni maji ya mvua yaliyotuama. Leo lipo, baada ya siku chache limekauka.

2. Lambo (malambo) limechimbwa na watu ili kuhifadhi maji. Maji yaweza kwisha, lakini shimo lake halihami.

3. Kinamasi (vinamasi) ni ardhi ya matope inayozamisha mguu, hata kama juu kuna nyasi. Fimbo itangulie, mguu ufuate.

Tuseme umemwambia mama, "Naenda kule dimbwini kutafuta mbuzi." Dimbwi lipi, na yametapakaa kila mahali? Ukichelewa utatafutwa wapi? Lakini ukisema, "Napitia lambo la mashariki, nitarudi kabla ya Magharibi," wanaokutafuta wana pa kuanzia.

Zoezi: Unatoka peke yako msimu wa vuli. Andika sentensi mbili za kuaga nyumbani, ukitumia "lambo" na "kinamasi".