Ramadhani, siku ya 12: Nyumba ya buibui



Kesho ukishakula daku na kuswali Alfajiri, usirudi kitandani kwanza. Vaa sweta (baridi ya Ilula unaijua), chukua simu, nenda kwenye nyanya zako kabla jua halijapanda. Nyuzi za buibui ambazo mchana huzioni, saa hiyo umande umezionyesha zote. Panzi nao wamepoa, hawakimbii mpaka jua liwapashe.

Kaa jua likiwa nyuma ya utando, matone yatang'aa. Sogeza simu taratibu. Picha ikififia, rudi nyuma kidogo. Na bana pumzi, maana hata pumzi yako inautikisa.

Mimi juzi nilikosea. Jani moja lilinizibia, nikalichuma. Kumbe uzi mkuu ulikuwa umefungwa hapohapo! Utando wote ukajikunja. Buibui hawa wanaosuka duara, wengi hula utando wao wa zamani na kusuka mwingine, kazi ya usiku au ya alfajiri. Yaani mimi nimeshiba daku, nimefunga, halafu naharibu mtego wa riziki ya mwenzangu kwa ajili ya picha ya kurusha kwenye kundi. Niliona aibu peke yangu shambani.

Sasa tazama Suratul Ankabuut, aya ya 41. Allah anawafananisha wanaojiwekea walinzi badala Yake na buibui aliyejijengea nyumba, nyumba dhaifu kuliko zote. Angalia vizuri picha yako: uzi wenyewe si dhaifu. Uzito kwa uzito, unashindana na chuma. Kilicho dhaifu ni nyumba. Haizuii mvua, haizuii baridi, haizuii jua.

Nasi wa nyanya tunasuka hivyohivyo. Dalali tunayemwamini, bei ya jana, lori lililoahidi kuja. Kila uzi ukiuvuta unaona umekaza. Lori lisipofika, matenga yanaozea kando ya barabara, na ndipo mtu anakumbuka kunyanyua mikono. Sisemi usimtafute mnunuzi, mtafute. Ila moyo umeuegemeza wapi?

Leo asubuhi nimerudi pale. Kasuka upya, shina la pili, na kipepeo kidogo cha kijivu kimenasa, huenda ni kanitangaze. Picha nimeipiga kwa mbali, haijatoka vizuri. Nimewatumia hivyohivyo.