Kitabu cha Likizo: Somo kwa Wazazi na Vijana wa Sekondari

Shule zikifungwa muhula wa tatu, mwanafunzi wa kidato cha tatu hufika nyumbani na sanduku, godoro na deni. Sisemi deni la karo, ingawa hilo nalo mara nyingi lipo. Ninasema deni la vitabu. Mwalimu wa Kiingereza amemwambia asome riwaya nzima kabla ya Januari, na mwalimu wa Kiswahili amemwambia vivyo hivyo kuhusu tamthilia.

Ndugu mzazi, je, uliliuliza deni hili? Wengi wetu tunauliza tu, "Umekuwa nambari ngapi?" Tukishaona ripoti tunafurahi au tunakasirika, halafu karatasi inawekwa kabatini na kitabu kinabaki chini ya sanduku, chini ya soksi, mpaka siku ya kufungua shule. Basi leo tujifunze kuhusu kitabu hicho kilicho chini ya soksi.

Vitabu teule vina uzito gani?

Vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa katika KCSE huitwa vitabu teule. Huidhinishwa na taasisi ya mitaala, KICD, na baada ya miaka kadhaa hubadilishwa. Wazazi wengine watakumbuka The River Between cha Ngũgĩ wa Thiong'o, na wengine The River and the Source cha Daktari Margaret Ogola. Vijana wa miaka ya 2020 wamekuwa wakisoma Fathers of Nations cha Paul Vitta na The Samaritan cha John Lara kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili Nguu za Jadi cha Clara Momanyi na Bembea ya Maisha cha Timothy Arege.

Hebu tuhesabu. Mtihani wa Kiingereza una karatasi tatu, jumla alama 200. Katika karatasi ya pili, dondoo kutoka kitabu teule hubeba alama 25. Katika karatasi ya tatu kuna insha mbili za vitabu hivyo, alama 20 kila moja. Jumla ni 65. Yaani karibu theluthi moja ya somo zima la Kiingereza imelala ndani ya vitabu ambavyo mtoto anaweza kuvisoma akiwa ameketi chini ya mwembe. Kwa Kiswahili, karatasi ya fasihi peke yake ina alama 80 kati ya 200, na sehemu kubwa hutoka katika riwaya, tamthilia na hadithi fupi.

Na mtu asiniambie ati hayo ni mambo ya 8-4-4 ambayo inaondoka. Kundi la mwisho la mfumo huo linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027, na wanaowafuata waliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Mtaala unabadilika, lakini sijaona mtaala ambao umeondoa haja ya mtoto kujua kusoma kitabu kizima.

Wenzetu Marekani hufanyaje?

Huko Marekani likizo ndefu huwa wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hivi hadi mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba. Shule nyingi za sekondari zina madarasa ya Kiingereza ya kiwango cha juu yanayoitwa AP. Mtihani wake hutungwa na shirika la College Board, hufanywa kila mwezi wa Mei, na matokeo hutolewa kwa alama 1 mpaka 5. Anayepata 3 na zaidi anaweza, katika vyuo vingi, kuhesabiwa kama aliyekwisha kumaliza sehemu ya masomo ya chuo kikuu. Kwa familia isiyo na pesa hiyo ni karo iliyookolewa.

Tofauti moja kubwa na yetu ni hii: College Board haiwapangii vitabu. Mwalimu ndiye anayechagua. Katika mtihani wa fasihi kuna insha tatu, na ile ya tatu humtaka mwanafunzi achague mwenyewe riwaya au tamthilia aliyoisoma, aitumie kujibu swali. Sasa fikiria mtu aliyesoma kitabu kimoja nusunusu. Atachagua nini? Ndiyo maana walimu wa AP huanza kazi mapema. Kabla ya kufunga shule humpa mwanafunzi orodha, kwa kawaida kitabu kimoja mpaka vitatu, pamoja na kazi ya kuandika. Akirudi, wiki ya kwanza tu anapewa jaribio au insha. Things Fall Apart cha Chinua Achebe, kilichotoka mwaka 1958 na ambacho wengi wetu tulikisoma hapa, ni miongoni mwa vitabu ambavyo vijana wa huko husomeshwa.

Lakini hata kwao jambo hili lina ubishi. Kuna wazazi na walimu wanaosema si haki. Mtoto wa tajiri ananunuliwa vitabu na kwenda navyo ufuoni. Mtoto wa maskini anafanya kibarua kiangazi kizima, kisha wote wawili wanapewa jaribio moja Septemba. Baadhi ya shule zimeacha kabisa kutoa alama kwa kazi ya likizo. Mimi naona hoja hiyo ina uzito, ila dawa ya njaa si kuondoa chakula mezani. Ni kumfikishia kitabu yule asiye nacho.

Likizo hupunguza nini?

Mwaka 1982 watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins walianza kufuatilia watoto wa darasa la kwanza katika mji wa Baltimore, wakaendelea nao kwa miaka mingi. Waligundua jambo la kushangaza. Shule zikiwa wazi, watoto wa maskini na watoto wa wenye nacho walikuwa wakisonga mbele karibu sawasawa. Pengo lilikuwa likipanuka likizoni. Watafiti wa baadaye wamebishana nao juu ya ukubwa wa pengo hilo, kwa hiyo tusilichukue kama amri iliyoandikwa kwenye jiwe. Hata hivyo, mtu yeyote anayetembelea nyumba kama mimi hatapata shida kuelewa wanachosema.

Utafiti wa pili ndio ninaoupenda zaidi kwa sababu ni wa vitendo. Huko Florida, Richard Allington na Anne McGill-Franzen waliwapa watoto wa shule za msingi kutoka familia maskini vitabu 12 kila kiangazi, kwa miaka mitatu mfululizo. Hawakuwapangia. Watoto walijichagulia wenyewe. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kwamba watoto hao walisoma vizuri kuliko wenzao wasiopewa vitabu. Vitabu 12 tu. Hakuna jengo lililojengwa, hakuna jiwe la msingi lililowekwa na mheshimiwa.

Mwongozo si kitabu

Vijana, hapa nazungumza nanyi. Kila kitabu teule kina ndugu yake mwembamba anayeitwa mwongozo. Ndani yake mna ufupisho wa kila sura, maudhui, na sifa za wahusika zilizopangwa kama bidhaa dukani. Siku hizi pia kuna programu za simu zinazoweza kukufupishia riwaya kabla chai haijapoa. Sisemi mwongozo ni sumu. Ukitumiwa baada ya kitabu, unasaidia kukumbuka. Ukitumiwa badala ya kitabu, unakudanganya.

Chukua The River and the Source, kilichotoka 1994. Mwongozo utakuambia Akoko ni jasiri, na wewe utakariri: jasiri. Msahihishaji ataona neno hilo katika kila karatasi anayoshika. Lakini aliyesoma kitabu anajua jinsi huyo mama alivyofikia hapo. Mwana mmoja alikufa vitani, ng'ambo. Mume akafa. Mwana mwingine akasakamwa na mwiba wa samaki. Aliyebaki ni mjukuu mchanga, na shemeji mtu akakalia kiti cha utawala na kuanza kula mali. Hapo ndipo mjane anafunga safari kwenda Kisumu kwa serikali ya wakoloni kudai haki. Ukiandika hivyo, huhitaji hata kulitaja neno jasiri. Na ukiwa mjane mwenyewe, au mtoto wa mjane ambaye mashamba yao yanamezewa mate na ami zake, basi umesoma zaidi ya mtihani. Daktari Ogola, aliyefariki 2011, alikuwa tabibu wa watoto na aliwahudumia mayatima wa ukimwi. Alijua anachoandika.

Namna ya kusoma

Kitabu cha kurasa 200 kinatisha ukikitazama chote. Kigawe. Kurasa tano kwa siku ni siku 40, na likizo ya Novemba na Desemba ina siku nyingi kuliko hizo, hata ukiondoa Krismasi. Kurasa tano ni nusu saa hivi kwa msomaji wa kawaida. Anayesoma polepole achukue saa nzima bila kuona haya.

Walimu wa Marekani wana zoezi moja ambalo halina gharama. Chukua daftari kuukuu, piga mstari katikati ya ukurasa kutoka juu hadi chini. Upande wa kushoto nakili maneno machache ya kitabu yaliyokugusa au yaliyokuchanganya, na uandike nambari ya ukurasa. Upande wa kulia andika unalofikiri: kwa nini amesema hivi? Huyu anasema kweli? Hapa kwetu ingekuwaje? Mara mbili au tatu kwa kila sura inatosha. Upande wa kulia ndio wenye mali. Ukifika kidato cha nne, daftari hilo ni lako mwenyewe, na hakuna duka linaloliuza.

Maneno magumu usiyakimbilie yote. Ukisimama kila mstari kutafuta kamusi utachoka ukurasa wa kumi. Soma aya mpaka mwisho, halafu utafute lile neno moja linalofunga njia. Na kisome mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya hadithi, mara ya pili ukiwa na kalamu. Kama kitabu ni cha shule usikichore, tumia daftari.

Saa moja ya msichana

Sasa turudi kwa wazazi. Katika ziara zangu za nyumbani nilikuta msichana wa kidato cha tatu akisoma riwaya jikoni, amekaa kwenye kigoda, kitabu kwenye goti na mwiko mkononi. Nilimpongeza. Akacheka, akasema, "Nimesoma ukurasa huu mara nne. Kila mara naitwa." Asubuhi alikuwa ameteka maji na kufua. Mchana alimlea mtoto wa dada yake. Kaka yake, aliye kidato kile kile, alikuwa amekwenda kutazama mpira.

Mama yao si mbaya. Anafanya kazi tangu alfajiri na anahitaji msaada. Tulikaa tukazungumza, tukakubaliana saa moja tu: kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na moja jioni, binti haitwi. Moto ukizimika, kaka ataufufua. Kumbe kaka anajua kuwasha moto vizuri tu! Wiki tatu baadaye binti alikuwa amefika sura ya tisa, na mama alitaka kujua yule mhusika mwovu ameishia wapi. Mzazi asiyejua Kiingereza bado anaweza kusema, "Hebu nisimulie ulichosoma leo." Mtoto akisimulia kwa lugha ya nyumbani, utajua mara moja kama amesoma au amepitisha macho.

Kwa upande wa wavulana, shida huwa nyingine. Wengi huingia bodaboda au machimbo ya mawe likizoni, na wakishaonja pesa ya kila jioni, kitabu kinaonekana ni kazi isiyolipa. Kama familia inahitaji kibarua hicho, basi kifanywe asubuhi na jioni iachwe. Kumkataza kabisa ni kusema maneno matupu ikiwa unga haupo.

Na pesa za vitabu je? Familia nne zenye watoto wa kidato kimoja zinaweza kununua kitabu kimoja kimoja, kila moja tofauti, na kubadilishana kila baada ya wiki mbili. Ndani ya wiki nane kila mtoto amepitia vinne kwa gharama ya kimoja. Andikeni jina la aliyekichukua na tarehe, maana vitabu hupotea kati ya marafiki. Jihadharini na vile vya bei ya chini vilivyonakiliwa kwa wizi: wino hufifia, na wakati mwingine kurasa zinakosekana katikati. Ulizeni pia kwenye maktaba ya umma iliyo karibu. Shirika la maktaba nchini lilianza mwaka 1996 kupeleka vitabu kwa ngamia kule Garissa, kwa hiyo asitokee mtu wa karibu na lami kuniambia ni mbali.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Taja vitabu ambavyo mtoto wako ameagizwa kusoma likizo hii. Kama hujui, muulize leo jioni, kisha mkutane tena.

2. Nyumbani kwako, ni saa ngapi mtoto wa kike haitwi? Na wa kiume?

3. Ukumbi wa kanisa hukaa umefungwa siku ngapi kwa wiki? Nani ana ufunguo, na ni mwalimu gani mstaafu anayeweza kuketi na vijana alasiri mbili kwa wiki?

4. Vijana: someni kwa sauti sura moja ya kitabu teule mbele ya kikundi. Wasiosoma kitabu hicho waulize maswali. Waliosoma wajibu bila kufungua mwongozo.